Alama ndani ya kifuniko

Saa ya baba ilianza kwa kuchelewa dakika tatu.
Nikasema ni uzee. Kisha robo saa.
Kisha, Jumatatu moja, akrabu zote mbili
zikalala pamoja kwenye kumi na mbili,
ya asubuhi au ya jioni, sikujua.

Nairobi, kwenye duka lenye mlinzi na zulia,
kijana wa glavu nyeupe aliipokea kama maiti ya tajiri.
Laki moja na elfu arobaini, alisema,
miezi saba, maana lazima iende kwao Ulaya,
kioo kitabadilishwa, uso utabadilishwa,
mikwaruzo yote tutaisugua ing'ae.
Nikamuuliza, mkimaliza atabaki baba wapi?
Akanionyesha pa kutia sahihi.

Nikairudisha Malindi ndani ya soksi.

Sokoni, muuza vifuniko vya simu aliitikisa sikioni.
"Hii imeisha betri."
Haijawahi kuwa nayo, nikamjibu.
Akaanza kutafuta kisu. Nikaondoka.
Wa Barani aliwahi kuwa fundi, sasa anauza taa za jua.
Wa Maweni alikuwa na vyombo vyote ila subira:
alitaja bei kabla hajaifungua.
Ni sonara mmoja aliyeniambia,
nenda Shela kwa Somoe Lali, nyuma ya msikiti,
mlango wa buluu usio na kibao.
Asipobishana nawe, umekosea mlango.

Feni haiwashwi humo.
Skrubu moja ni ndogo kuliko yai la chawa,
upepo ukiichukua hairudi.
Bilauri zimepinduliwa mezani, kila moja na saa ya mtu chini yake,
na Somoe, miwani imefungwa kwa uzi,
anajipangusa jasho kwa upindo wa leso.
Hakuuliza nilinunua wapi.
Aliivaa nani? Mkono upi? Alioga nayo?

Changawa, bawabu, nikasema. Wa kulia. Alioga nayo, alilala nayo.
Miaka kumi na tisa kwenye lango la Mtaliano, Kasuarina,
na Mtaliano alipofunga nyumba, mishahara minne ikiwa deni,
alivua saa akasema hii inazidi.
Baba hakuwahi kuiuza ili ajue.
"Na aliitega saa yao au yetu?"
Yetu. Jua likitoka, akrabu zote juu.
Somoe akacheka puani. "Basi tusimharibie."

Akazungusha kifuniko taratibu,
na chumvi ikamwagika kwenye karatasi, punje nne, tano.
Yakuti ndogo, nyekundu kama mbegu za komamanga.
Hili gurudumu nitaliosha, alisema, hili nitalichonga mwenyewe.
Kamani imechoka, na mimi sina.
Nitaagiza Mombasa; ikikosekana nitakwambia imekosekana.
Vya zamani nitakurudishia kwenye bahasha.
Na sisugui. Mkwaruzo si ugonjwa.
Elfu kumi na nane, nusu sasa, wiki sita.
Nikabishana kidogo, kwa heshima ya mlango.

Kisha akanyamaza, kioo jichoni,
akanivuta karibu kwa kidole.
Upande wa ndani wa kifuniko kuna herufi
zilizokunwa kwa ncha ya sindano.
Mafundi huandikiana humo, mwenye saa asione.
Mbili za kigeni. Ya tatu: L.F. 6/96.
"Lali Famau," alisema. "Baba yangu."
Akaigusa kwa ukucha, akaendelea na kazi.

Mwezi wa sita, tisini na sita.
Nilikuwa darasa la saba.
Nilirudishwa kwa sababu ya karo, wiki tatu nzima,
nikichunga mbuzi wa shangazi kule Muyeye,
na kila jioni nikimuuliza baba, lini?
Naye: subiri kidogo, mwanangu, hali ngumu,
huku akitazama mkononi.

Sikumwambia Somoe.
Nilimhesabia nusu yake, noti moja moja,
nikijua sasa karo yangu ililipwa chumba gani:
hiki hiki, na feni imezimwa.